Joto la Chatu Katika Nyumba ya Baridi

Nilikulia Tanga, ambako nyoka akionekana uani watu huitana na kutafuta fimbo, kwa hiyo mwanangu wa miaka 14 aliponiomba tumpokee chatu wa rafiki yake aliyekuwa akihama, nilikaa siku tatu bila kumjibu. Hatimaye nilikubali kwa sharti kwamba, kabla mnyama huyo hajavuka kizingiti, tujue atapataje joto bila kuungua na bila kutuchomea nyumba. Tunaishi Minneapolis, ambako usiku wa Januari baridi inaweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na mgeni wetu alikuwa chatu wa kifalme, yule mfupi mnene anayejiviringa kama mpira akiogopa, ambaye asili yake ni savana za Afrika kuanzia Senegali hadi Uganda. Huko hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, akatoka usiku kuwinda.

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi. Hulitafuta kwa kuhama. Akishiba huenda penye joto ili chakula kisagike, na akizidiwa hurudi penye ubaridi. Kizimba chenye joto lilelile kila pembe kinamnyima uhuru huo, hata kama joto lenyewe ni la kiasi. Kwa chatu huyu tulilenga nyuzi 32 hivi mahali pa kuotea upande mmoja, na nyuzi 25 hadi 27 upande wa pili, huku kila upande ukiwa na pango lake la kujifichia, kwa sababu nyoka mwoga atavumilia joto baya kuliko kukaa peupe.

Dukani tulionyeshwa kwanza jiwe bandia lenye waya wa umeme ndani yake. Niliposoma habari zake nililirudisha: mawe ya namna hiyo mara nyingi hupata moto mkali sehemu moja, na nyoka hukosa wepesi wa kujinasua pale tumbo lake linapoungua polepole, hivyo huweza kulala juu yake mpaka magamba yakaharibika. Jambo hili lilinishangaza, maana chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la panya gizani. Lakini kuhisi windo mbele yako ni kazi moja, na kutambua kwamba sakafu inakuunguza ni kazi nyingine.

Tulianza na mkeka wa joto uliobandikwa chini ya tangi la kioo, ukichukua theluthi moja ya sakafu, na tukauunganisha na themostati, kifaa kinachowasha na kukata umeme kulingana na joto linalopimwa na kihisi chake. Hapo ndipo nilipokosea. Kihisi cha themostati nilikiweka ndani ya kizimba na kukishika kwa selotepu. Baada ya wiki mbili hivi mwanangu akaniambia, "Mama, amelala kwenye bakuli la maji tangu jana, hataki kutoka." Nilichukua kipimajoto cha kuelekezea, kile cha umbo la bastola, nikafukua matandiko na kupima kioo juu ya mkeka: nyuzi 47. Unyevu ulikuwa umelegeza selotepu, kihisi kikasogea hadi upande wa baridi, na themostati, ikiamini kwamba kizimba kizima kimepoa, ikawa inapeleka umeme bila kupumzika. Chatu hakuungua, lakini nilikaa sakafuni kwa muda mrefu siku ile. Kosa halikuwa la mkeka wala la themostati. Vyote viwili vilifanya vilivyoagizwa.

Tangu hapo, kwa maoni yangu, swali la balbu ipi au mkeka upi ni dogo kuliko swali la kihisi kimekaa wapi na kimefungwa na nini. Cha mkeka hubanwa katikati ya mkeka na kioo, mahali ambapo nyoka hafiki. Cha taa ya juu hufungwa imara kwa kibanio kwenye usawa wa mgongo wa nyoka, na kamwe si kwa selotepu, ambayo ikimganda inaweza kumchuna ngozi. Kipimajoto cha pili kisichohusiana na themostati kinabaki ndani daima, ili kimoja kikidanganya kingine kiseme.

Baadaye tulihamia kwenye balbu ya halojeni juu ya kizimba, kwa kuwa mionzi yake hupenya mwilini kwa kina kuliko joto la mkeka na inakaribia zaidi joto la jua. Balbu hiyo inahitaji themostati ya kufifisha mwanga. Ile ya kuwasha na kuzima tu huifanya iwake na kuzimika mchana kutwa. Usiku, chumba kikipoa kupita nyuzi 22, kazi inachukuliwa na kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga. Uso wake unaweza kupita nyuzi 200, kwa hiyo kimefungwa kwenye holda ya kauri, kwa sababu ya plastiki ingeyeyuka, kimezungushiwa kikapu cha waya, na kina themostati yake.

Balbu nyekundu, ambazo wauzaji husifu kwamba nyoka hazioni, sikuzinunua. Nyoka huona mwanga wake, na usiku wake unapaswa kuwa giza. Mchana ana saa 12 za mwanga zinazoendeshwa na taima, pamoja na tyubu dhaifu ya urujuanimno (miale ya UV, kama ile ya jua) upande wa joto. Chatu wengi wameishi bila tyubu hiyo, lakini sioni hasara kumpa mradi ana kivuli cha kukimbilia. Tyubu tunaibadilisha kila mwaka, kwa kuwa miale hupungua ingawa macho yetu huiona ikiwaka vilevile. Hewa kavu ya majira ya baridi tunaipunguza kwa kufunika sehemu ya kifuniko cha wavu iliyo mbali na taa, na tangu tufanye hivyo anajivua gamba zima kwa mkupuo mmoja.

Mwezi uliopita dhoruba ya theluji ilikata umeme kwa saa sita. Tulifunika tangi kwa mablanketi, tukaweka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, na panya aliyepangiwa jioni ile akabaki kwenye friza, kwa sababu chatu aliyepoa hawezi kusaga chakula na huweza kukitapika. Umeme uliporudi, upande wa joto ulisoma nyuzi 24. Mwanangu alikagua kwanza kama kihisi kipo mahali pake, ndipo akawasha taa.