Rehani na mnanaa katikati ya mikorosho

Anayelima viungo vya majani Mtwara bila dawa za dukani ana shughuli moja ambayo wenzetu wa Lushoto hawaijui: korosho. Shamba langu liko njia ya Naliendele, na upande wowote utakaogeukia utaona mikorosho ya watu. Ikifika Juni mikorosho inachipua na kutoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaingia, na kila mwenye shamba anapuliza dawa. Siwalaumu, korosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Lakini mimi nauza majani ambayo mtu anayatumbukiza moja kwa moja kwenye chai yake, na kusi nayo huvuma miezi hiyo hiyo. Kotmiri ndiyo kabisa: ukiipanda kwenye joto la Desemba inakimbilia kutoa maua, inakubali miezi ya ubaridi tu, yaani wakati mabomba yananguruma.

Salfa, ule unga wanaopulizia ubwiri, yenyewe si mbaya sana, hata kilimo hai kinairuhusu. Wasiwasi wangu ni zile dawa za maji za kuua wadudu, maana anayepuliza mara nyingi anajua rangi ya chupa tu. Na hata salfa ikituama kwenye mnanaa, nani ataununua?

Kozi fupi ya kilimo hai niliyosoma Morogoro ilinifundisha mboji na matuta. Habari ya mikorosho haikuwemo, nikaanza kulipanga shamba kwa kufuata upepo. Kusi hutokea kusini-mashariki, kwa mzee mmoja mwenye mikorosho mikubwa. Mpakani kwake nikaotesha mabingobingo, yale majani marefu ya mifugo, yakasimama kuliko mtu. Nyuma yake nikapanda manjano, kwa sababu kinacholiwa kiko chini ya ardhi, na wakati wa kupuliza majani yake tayari yanakauka. Manjano hayo nayauza sokoni kama manjano ya kawaida, siyaiti ya kilimo hai. Kisha mchaichai, na mbali kabisa, nyuma ya nyumba, ndipo walipo rehani, mnanaa, kotmiri na rozimeri.

Halafu nikamwendea yule mzee jioni. Sikumwomba aache kupuliza, angeniona kichaa. Nilimwomba tu anipe habari siku moja kabla.

"Mwanangu, hayo majani yako yanaogopa vumbi?"

"Yanaogopa, babu. Na wanunuzi wanaogopa zaidi."

Akacheka, lakini tangu hapo mjukuu wake hunipigia. Bloa, yaani mashine ya kupulizia, huwashwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo nakata kila kilichokomaa, kilichobaki nakifunika kwa turubai. Mbuzi wa mzee wanakula mabingobingo yangu, samadi inarudi kwangu.

Na samadi naihitaji, maana udongo wetu ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Nachimba tuta, chini natandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa hadi yakalainika, juu yake samadi iliyooza, kisha udongo, kisha nyasi kavu. Majani makavu ya mikorosho yapo tele na ni ya bure, ila siyagusi, maana yamepulizwa dawa. Wadudu nawapulizia mwarobaini: mbegu zinatwangwa, zinalala kwenye maji usiku kucha, nachuja kwa kanga kuukuu na kutia sabuni ya mche kidogo. Napuliza jioni, kwa sababu jua huiua nguvu ya dawa hiyo.

Kukausha nakufanyia ndani ya banda, juu ya chanja za neti. Juani rehani hugeuka kahawia na harufu inakwenda zake. Ikiwa tayari, jani linasagika vidoleni na kijiti kinakatika kwa mlio. Kijiti kikipinda tu, usifungashe, kitaota ukungu ndani ya pakiti.

Kikundi chetu cha wakulima wa kilimo hai hukaguana wenyewe kwa wenyewe, na wenzangu wakija kwangu huanzia mpakani. Safari hii waliuliza kuhusu upande wa magharibi, ambako shamba limeuzwa kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye hatujamwona. Namba ya msimamizi wake nimeshaipata, na mabingobingo ya upande huo nimeanza kuyaotesha.