Vyumba viwili vya Mikindani: kumbukumbu ya mradi wangu wa samani kuukuu, Mei hadi Novemba

Ninanakili kumbukumbu hii kutoka kwenye daftari ambalo limekaa juu ya dirisha tangu mwezi Mei, nilipohamia katika vyumba viwili vya nyumba ya zamani hapa Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Niliingia na godoro, jiko la gesi, ndoo tatu na sanduku la vitabu. Nilijiwekea sharti kwamba kila samani itakayovuka kizingiti iwe imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na kwamba matengenezo niyafanye mwenyewe, isipokuwa kazi ya kuchomelea, ambayo siijui na ninaiogopa. Sharti hilo lilitokana na mfuko wangu, sikatai, lakini lilitokana pia na hesabu: kabati jipya la mbao za vumbi lililoshindiliwa huanza kuvimba pembeni mara hewa ya bahari inapolizoea, na kwa bei yake mtu mvumilivu anaweza kupata mninga uliokwisha kukauka kabla hajazaliwa.

18 Mei

Nilianza na kuta, kwa sababu samani nzuri mbele ya ukuta unaopukutika haionekani. Nyumba hii imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari ya chumba cha nyuma imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Mpangaji mmoja wa zamani alipaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta inayong'aa, na rangi hiyo ilikuwa imetoa malengelenge makubwa kama ya ngozi iliyoungua. Nilipoyatumbua kwa kisu, nyuma yake palimwagika unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi, ulikuwa chumvi.

Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani polepole, na maji hayo hubeba chumvi. Rangi ya mafuta huziba njia, maji yakatafuta pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Nilipomweleza mama mwenye nyumba nia yangu ya kuibandua yote, alicheka. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunapaka chokaa tu, kila mwaka kabla ya Ramadhani. Huo mng'aro wameuleta wapangaji." Nilibandua kwa siku nne, nikausugua ukuta kwa brashi ya waya, nikauacha wiki mbili ukauke kwa upepo wa kusi. Kisha niliupaka chokaa niliyoiloweka na kuichuja kwa kanga kuukuu, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu, nikiulowesha ukuta kabla ya kila mkono. Chokaa mbichi hukatisha tamaa, kwa maana huonekana kama maji yaliyochafuka. Asubuhi yake ukuta ulikuwa mweupe hata macho yakauma. Anayetaka kujaribu avae miwani, kwa sababu tone moja la chokaa jichoni si jambo la kusimulia kwa kicheko.

2 Juni

Nimepata kabati la vyombo. Hapa kwetu soko bora la samani kuukuu halina kibanda wala mnada: ni barua ya uhamisho. Mtumishi wa serikali akihamishwa kwenda Dodoma au Mwanza, gharama ya lori huzidi thamani ya vyombo vyake, na kwa wiki mbili ua wake hugeuka duka. Nililipa shilingi 60,000, na guta lililolileta likachukua 10,000 nyingine. Lina milango miwili, droo mbili na miguu iliyochongwa, nalo lilikuwa limepakwa rangi ya krimu. Chini ya krimu palikuwa na buluu, na chini ya buluu kijani kile cha ofisi za zamani.

Sikulinunua kwa sura yake. Nililiinamia nikavuta droo, nikaigeuza na kukwangua kwa ukucha sehemu ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuihangaikia: rangi ya kahawia yenye wekundu, uzito wa kutosha, na viungo vya ulimi na tundu badala ya misumari. Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla ya kukitazama uvunguni.

4 hadi 30 Juni

Hii ndiyo sehemu ndefu ya mradi, na ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitaieleza pole pole.

Kabla ya kabati nilikuwa nimejaribu kigoda. Kwa haraka ya mgeni nilipaka rangi mpya juu ya vanishi ya zamani bila hata kupitisha msasa, na ndani ya wiki tatu rangi ilibanduka vipande vipande, mithili ya ganda la yai lililochemshwa. Rangi haishiki juu ya kitu laini. Inahitaji mikwaruzo ya kung'ang'ania. Kwa kabati, basi, niliamua kwamba kilichopakwa chote kitoke.

Fundi seremala mmoja alinishauri nitumie magadi makali, yale yanayoyeyusha rangi kama supu. Nilijaribu nyuma ya kabati, mahali pasipoonekana. Rangi ilitoka kweli, lakini mbao ikawa nyeusi kama iliyopitishwa motoni, na ilinichukua siku nzima kuisuuza. Nikarudi kwenye njia ya mafundi wa zamani ambao hawakuwa na zana za umeme: kigae cha kioo cha dirisha. Kioo kikivunjwa vizuri hutoa makali yaliyonyooka, na ukikishika kwa kitambaa kinene, ukakiinamisha kidogo na kukivuta kuelekea kwako, hutoa maranda membamba kuliko karatasi. Makali yakififia unavunja kipande kingine. Kabla ya kukwangua nililowesha rangi kwa maji na kufunga pua na mdomo, kwa sababu rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa na mtu yeyote, seuze na watoto wa jirani waliokuwa wakija kunitazama kila jioni. Maranda yote niliyaokota juu ya turubai. Sikuyachoma.

Krimu ilitoka kwa siku tatu, buluu kwa siku mbili, lakini kijani kilikuwa kimeingia katika vinyweleo vya mbao na kilinichukua siku tisa. Baada yake ulifuata msasa, namba 80 mahali palipoumia, 120 kila mahali, kisha 240, daima kwa kufuata uzi wa mbao, kamwe si kwa kuukata. Mlango mmoja ulikuwa na ufa wa kidole kizima. Niliuziba kwa gundi nyeupe ya mbao niliyoichanganya na vumbi la mbao hiyo hiyo, ili rangi zilingane, nikaubana kwa kamba iliyozungushwa na kupotolewa kwa kijiti mpaka ikalia.

Vanishi nilipaka mikono minne, ya kwanza nikiipunguza nguvu kwa thina ili ipenye. Nilipaka asubuhi, umande ukiisha na kusi halijaanza kurusha mchanga, na nilingoja siku mbili kati ya mkono na mkono. Nimekwisha kuona meza iliyopakwa mwezi wa mvua ikabaki inanata kwa nusu mwezi, na nzi wawili wamo ndani yake hadi leo.

1 Julai

Miguu ya kabati ilihitaji kinga dhidi ya mchwa, nami nikapata chupa ya mafuta ya maganda ya korosho, meusi na mazito. Yanafanya kazi. Yanafanya kazi pia juu ya ngozi: tone lililonipata kwenye kifundo cha mkono lilinitoa lengelenge ambalo lilikaa siku nane, na kila mwanamke aliyewahi kubangua korosho aliyeliona aliniuliza kwa mshangao ni nani aliyenilea bila kunionya.

16 Julai

Nimenunua kwa wauza skrepa miguu ya cherehani ya Singer, ile ya chuma cha kusubu yenye kanyagio, kwa bei ya kilo. Nimeisugua kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikaipaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa sababu hapa chuma kilichosafishwa asubuhi huwa na wekundu kufikia magharibi. Juu yake nimeweka ubao wa mlango. Ni meza ya kuandikia. Meza hizi zimejaa kila mahali nami sioni fahari nayo, ila ni imara.

9 Agosti

Nilikuwa nimezitamani kwa muda mrefu mbao za mashua moja iliyolala ufukweni, ubavu wake umefumuka. Mwenye chombo alinipa tatu kwa shilingi 15,000, zikiwa na misumari yake na vitundu vya wadudu wa baharini ambavyo, nikiri, ndivyo nilivyokuwa nikivitaka. Sikujua kwamba ubao uliokaa baharini haukauki. Chumvi iliyomo ndani yake huvuta unyevu wa hewa, na rafu niliyoitundika ilikuwa ikitoka jasho kila usiku na kuacha mstari wa kahawia juu ya chokaa yangu mpya.

Niliishusha. Mbao zote tatu nilizilaza katika pipa la maji baridi yasiyo ya chumvi, nikibadilisha maji kila baada ya siku tatu kwa mwezi mzima, kisha zikakaa kivulini wiki nne zimetenganishwa kwa vijiti. Mzee mmoja wa ufukweni alinishauri nizipake sifa, yaani mafuta ya papa, kama chombo chenyewe kinavyopakwa. Nilimshukuru kwa heshima. Mafuta hayo yana kazi yake juu ya maji, lakini chumbani mtu angehama mwenyewe akayaachia nyumba.

Skrubu za kutundikia zilikuwa za shaba. Za chuma zingekuwa nafuu mpaka zioze.

14 Septemba

Kitanda. Jirani alikuwa nacho darini: matendegu manne ya kukerezwa, yaani miguu yake, na mifumbati minne, zile mbao za kuzunguka, hakuna kamba hata moja. Alinipa bure kwa ahadi kwamba sitakikata kuwa benchi, kwa sababu amesikia vijana wa siku hizi tunavyofanya.

Nilidhani kuwamba ni kazi ya mchana mmoja. Babu anayekaa nyumba ya tatu, mvuvi wa zamani, alipita akanikuta nimejisokota katika kamba. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Unawamba kitanda au unafunga mbuzi?" Aliketi barazani, akaifumua kazi yangu yote, akaanza upya bila kuomba ruhusa.

La kwanza alilonionyesha ni kwamba viungo vya kitanda cha kamba havitiwi gundi. Kamba yenyewe ndiyo gundi: kadiri inavyokazwa ndivyo inavyozivuta ndimi za mifumbati ndani ya matundu ya matendegu, na mtu akilala uzito wake huvikaza zaidi. Kitanda kilichogundishwa kikilegea hakina dawa, ilhali hiki hukazwa tena. La pili ni kwamba kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hulowekwa usiku kucha ili ilainike mkononi, na kwa kuwa ikikauka hulegea, upande wa miguuni haufungwi moja kwa moja, bali huachiwa mshipi wa kukazia. Tuliwamba siku mbili, yeye akivuta na mimi nikishikilia kwa kigingi kila mara asije akapoteza mkazo, kamba mbili juu na mbili chini, mpaka katikati pakatokea ua la miraba ambalo sikuwa nimeliomba. Siku ya tatu alirudi na nyundo ya mbao, akakaza mshipi, akakipiga kitanda kofi kama mtu anayejaribu ngoma, akasikiliza. Alikataa fedha. Alikubali sukari kilo mbili na chai.

12 Oktoba

Msimu wa korosho umeanza na magunia yamepanda bei, kwa hiyo nimetumia manne niliyoyaficha tangu mwaka jana. Nimeyafua kwa maji baridi na kuyashona kuwa foronya za mito ya barazani. Picha yake ni nzuri. Hakuna anayeweza kuegemea mito hiyo kwa zaidi ya dakika tano, kwa kuwa nyuzi zake huchoma kupita shati. Nitayafumua na kuyafanya pazia la jikoni, au nitatia kitambaa cha marekani juu yake, na hapo nitakuwa nimefika mahali pale pale ambapo ningefika kwa kununua marekani peke yake.

26 Novemba

Mvua za kwanza zimenyesha, na huku kwetu kusini zikishaanza ni msimu mmoja mrefu hadi Aprili. Kuta hazijatoa lengelenge. Rafu ni kavu. Mlango wa kushoto wa kabati, ule niliouziba ufa, umeanza kukwama kwa juu.

Nilikuwa nimekwisha kuchukua randa. Babu alipitisha ukucha katika upenyo wa mlango wa kulia, akapima ule wa kushoto, akasema kwamba mbao imekunywa maji tu, na nikiiranda sasa, kusi likirudi nitabaki na upenyo wa kupitisha panya. Nimesugua ukingo kwa kipande cha mshumaa. Mlango unafunguka kwa kusukumwa na goti, na nimeandika kwenye jalada la daftari: kupima tena mwezi Juni.