Njia ndefu za seva: fupisha kwanza kwenye SSH

Kuandika `/ssh:mhariri@203.0.113.20#2222:/var/www/tovuti/` kila unapotaka kufungua faili la seva ndani ya kihariri cha Emacs kunachosha, na ukikosea herufi kwenye jina la faili unaletewa ukurasa mtupu kana kwamba faili ni jipya. Wengi hukimbilia kutunga kifupisho ndani ya kihariri. Mimi nasema anzia `~/.ssh/config`, faili la mipangilio ya SSH (programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali):

```
Host wavuti
    HostName 203.0.113.20
    User mhariri
    Port 2222
```

Njia sasa ni `/ssh:wavuti:/var/www/tovuti/`, na jina hilohilo linatambulika kwa scp, rsync, git na kihariri cha Vim. Seva ikihama anwani, unagusa mstari mmoja tu.

Angalia mpangilio. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, kwa hiyo `Host *` yenye `User` ikikaa juu, `User mhariri` ya chini haina kazi tena. Mipangilio ya jumla ikae mwisho wa faili. Ukiona "Bad owner or permissions", mara nyingi ni kwamba watumiaji wengine wana ruhusa ya kuandika humo: `chmod 600 ~/.ssh/config`.

Ikibaki saraka yenyewe ndiyo ndefu, kwenye Emacs rejista (herufi moja inayohifadhi njia) inatosha kabisa:

```
(set-register ?t '(file . "/ssh:wavuti:/var/www/tovuti/"))
```

Kisha `C-x r j t`, na uko ndani.

Kwenye Vim, mkwaju (`/`) ndio unaoponza watu. `:e scp://wavuti//var/www/tovuti/` yenye mikwaju miwili baada ya jina huanzia kwenye mzizi wa seva. Ukiweka mmoja, Vim itatafuta `var` ndani ya saraka yako ya nyumbani kule. Mkwaju wa mwisho nao usiuache, maana ndio unaoonyesha kwamba unafungua saraka, si faili. Kifupisho chake:

```
cnoreabbrev tv scp://wavuti//var/www/tovuti/
```

Andika `:e tv` halafu bonyeza Ctrl-]. Ukibonyeza nafasi, kifupisho kitafunguka vilevile, ila nafasi hiyo itakaa kati ya njia na jina la faili.

Emacs ikiganda wakati wa kuunganisha ilhali `ssh wavuti` kwenye terminali inaingia vizuri, kagua kidokezo (prompt) cha ganda (shell) la seva. TRAMP, sehemu ya Emacs inayofungua faili za mbali, husubiri kidokezo inachokitambua, na chenye rangi na mapambo huipoteza. Kama ganda ni zsh, weka mstari huu juu kabisa ya `.zshrc` ya seva:

```
[[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return
```

Kwa faili za mfumo zinazohitaji ruhusa ya msimamizi (sudo), andika kwenye Emacs `/ssh:wavuti|sudo:wavuti:/etc/nginx/nginx.conf`. Jina liwe lilelile pande zote mbili. Ukichanganya `wavuti` na anwani ya namba, TRAMP hukataa.