Kitambaa cha Khalid Aucho

Kipa Denis Onyango alipostaafu timu ya taifa ya Uganda mnamo Aprili 2021, akiwa nahodha aliyetulindia lango katika AFCON ya 2017, ambayo tulifuzu baada ya kuikosa tangu 1978, na tena katika ile ya 2019, nilihuzunika sana, kwa kuwa kipa wa miaka 35 bado ana mengi ya kutoa.

Kiungo mkabaji hana bahati hiyo. Khalid Aucho, nahodha wetu anayecheza nafasi hiyo, alizaliwa Agosti 1993, na fainali za 2027, ambazo Uganda itaziandaa pamoja na Kenya na Tanzania, zitamkuta akikaribia miaka 34. Nikiwa jukwaani katika uwanja wa Namboole huwa namtazama yeye kuliko mpira: kabla ya kupokea pasi hugeuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, na mpira ukimfika tayari anajua pa kuupeleka. Akili hiyo haizeeki. Kinachozeeka ni zile hatua tano za kumkimbiza kijana aliyempita, na hapo ndipo mabeki wetu hubaki wazi.

Kwa hiyo ninaamini, kwa heshima yote ninayompa, na wenzetu wa Yanga, klabu ya Tanzania aliyowahi kuichezea, wanaijua thamani yake, kwamba akabidhi kitambaa cha unahodha mapema, katika mechi za kirafiki, huku mwenyewe akibaki kikosini, ili nahodha mpya ajifunze kuzungumza na mwamuzi na kutuliza wenzake wakati Aucho yuko karibu wa kumwuliza.