Risiti ya Ami

Wiki hii shemeji amejifungua mapacha, pikapu imepita ukaguzi bila hata kuulizwa taa ya nyuma, na kule kwenye malori ya chumvi nilikotoka nasikia wamepunguza madereva tena. Lolote kati ya hayo lingetosha kuandikwa. Lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno mawili ya Ami, Jumanne mchana, tukiwa tumesimama Mambrui mbele ya nyumba ya Bibi.

"Niandikie risiti."

Basi. Si tusi, si lawama. Nimeyasikia tena kwenye usukani, nimeyasikia nikipiga mswaki, na jana nimeyasikia ndani ya sala mpaka sikujua niko rakaa ya ngapi.

Ami, ndugu wa marehemu baba, mnamjua. Ndiye yule wa Peugeot. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetukusanya, na gia nilijifunzia kwenye 404 yake ya pikapu, ile ambayo gia zake ziko kwenye usukani, miguu yangu ikiwa haijafika sawasawa kwenye klachi. Ada ya shule ya udereva alilipa yeye. Miaka yote hiyo hajawahi kuniomba kitu, na hata Jumatatu usiku hakuomba. Alipiga simu akauliza kama gari lina kazi kesho, nikamwambia halina, akasema haya, tuonane Msabaha baada ya alfajiri.

Mzigo wenyewe ulikuwa nguzo za mvinje na makuti, kwa ajili ya paa la nyuma ambalo limekuwa likivuja tangu masika ya mwaka jana. Ukimwambia mtu nguzo na makuti atadhani ni kazi nyepesi. Nguzo zilikuwa ndefu kuliko trela, na zikichomoza nyuma zinavuta uzito upande usiofaa. Uzito unatakiwa uelemee mbele ya ekseli kidogo, ili kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wote wa trela ikalie pale inapofungwa na pikapu. Pale pakiwa pepesi mno, ukishashika kasi trela inaanza kutikisa mkia, na dereva asiyejua anakanyaga breki. Ndio hao mnaowaona wamelala mtaroni. Dawa yake ni kuachia mafuta taratibu na kuushika usukani bila kuupigania. Dawa bora zaidi ni kupakia vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo nilimpangia Kassim, kijana anayenisaidia kupakia: mashina mbele, ncha nyuma, maana mvinje ni mzito shinani. Tukazibana kwa kamba kila hatua mbili, makuti tukayalaza juu, turubai, kamba tena, na kule nyuma nikafunga kipande cha leso nyekundu ya mama Khadija. Leso yenyewe ilikuwa imeshachanika. Yeye anasema haikuwa imechanika.

Ami alisimama kando na bakora yake akitazama yote haya bila kusema neno.

Daraja la Sabaki siku hizi za kusi lataka heshima. Upepo unatoka baharini, unakupiga ubavu wa kulia, na makuti yakipangwa juu ni tanga tupu. Mto chini mwekundu kwa tope. Nilipunguza mwendo, nikamwona Ami amegeuza shingo anaangalia kioo cha upande wake, macho kwenye trela, mpaka tukavuka. Tulipofika ng'ambo akaegemea kiti. "Imetulia," akasema.

Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa alama kubwa kuliko hiyo, wallahi. Nilikaribia kuimba.

Sasa, kuhusu bei. Mimi na mama Khadija tuliwekeana sharti siku ile ile trela ilipoingia uani: ndugu atapunguziwa, lakini habebwi bure. Hatukuliweka kwa ubahili. Tangu watu wajue nina gari, hakuna mtu mwenye uhusiano na mimi ambaye hana kabati la kuhamisha. Binamu ya binamu ana tangi la maji la kupeleka Kakuyuni. Rafiki ya marehemu nyanya ana mlango wa mbao uliokaa Gede miaka, leo ndiyo umekumbukwa. Wote wanaanza na "si unapita tu?" Mimi sipiti tu. Dizeli inanunuliwa. Bima ya gari la biashara si sawa na bima ya gari la kwendea harusini. Trela ina nambari yake yenyewe, ile inayoanza na Z, na makaratasi yake yenyewe, na bea zake zataka grisi kila mara. Halafu watu wa kaunti nao wanasubiri kwenye kizuizi cha barabarani na kitabu chao cha ushuru. Na mimi nimeendesha malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni, najua gari lisilotunziwa pesa linaishia wapi: kabini inang'aa huku chesisi inapukutika kama mkate mkavu. Nilipoinunua hii trela nililala chini yake na nyundo, nikagonga chuma kipande kwa kipande kabla sijakubali bei. Sikufanya hivyo ili nije niwe gari la ukoo.

Kwa hiyo tulipomaliza kushusha, Ami alipouliza "Ngapi?" nilikuwa na jibu.

"Elfu tatu, Ami."

Mteja wa nje ningemwambia elfu nne na nusu. Hilo sikulisema, kwa sababu punguzo la kutangaziwa si punguzo, ni deni jipya.

"Na mafuta?"

"Yamo humo humo."

Akatoa noti, akazihesabu moja moja, kila moja akiisugua kwa kidole gumba kuhakikisha hazijagandana. Akaninyooshea. Na kabla sijasema ahsante:

"Niandikie risiti."

Kitabu cha risiti ninacho. Nilikinunua pale mjini pamoja na mhuri, na kilikuwa hakijaguswa, kwa sababu katika biashara hii nani anadai risiti? Watu wanatuma M-Pesa, ujumbe ukiingia ndiyo risiti. Nikakifungua juu ya boneti, boneti ina moto, kalamu inateleza. Kumepokewa kutoka kwa. Hapo nikakwama. Nilikuwa nimeshaandika A ya Ami. Nikaikata. Ilinibidi niandike jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, jina ambalo mdomo wangu haujawahi kulitamka mbele yake. Nililiandika yeye akinitazama. Shilingi elfu tatu pekee. Kusafirisha nguzo na makuti. Sahihi. Mhuri.

Akaisoma yote, na ile A iliyokatwa pia, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani.

Halafu chai ikaletwa kama siku zote, na mkate wa mofa, akatuuliza hali ya watoto, akamwambia Kassim akaze masomo ya udereva. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyeudhika? Au ndivyo hasa anavyofanya mzee aliyeudhika, anakupa mofa?

Mama Khadija hana shaka. Anasema Ami alikuwa karani wa baraza maisha yake yote, mtu yule anadai risiti hata ya mafuta ya taa, nilale. Kaka Athumani nilimpigia. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Ulimtoza Ami?" Akaaga. Athumani, tukumbushane, ndiye mwenye kabati.

Na bado ningemtoza. Nimelipima kila upande na jibu linatoka lile lile. Siku nitakapombeba yeye bure, kesho yake nitambeba nani kwa pesa? Lakini kujua hivyo hakujaninyamazishia ile sauti.

Basi Alhamisi usiku nikiwa nakula, simu ikalia, ikalia tena, ikawa haiachi. Kundi la ukoo. Kufungua, nini hicho? Risiti yangu. Imepigwa picha juu ya meza ya Ami, imenyooshwa kwa kikombe, mwandiko wangu umepinda kama wa mtoto wa chekechea kwa sababu ya ile boneti, na A iliyokatwa inaonekana vizuri sana. Chini yake Ami ameandika: "Ukarabati wa paa, nyumba ya Bibi. Usafiri 3,000. Imelipwa."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na wali. Mama Khadija hakucheka, aliniangalia tu kwa lile jicho la si-nilikwambia. Nyumba ni ya warithi wote! Mzee anakusanya michango, anataka ushahidi wa kila senti kwa sababu anawajua hao anaowachangisha. Shangazi wa Likoni akauliza mbona rahisi hivyo, huko kwao angelipa maradufu. Mwingine akaandika, "Kumbe ana trela? Mimi nina friji." Wa Jeddah akatuma dole gumba, na mpaka naandika haya hajatuma kingine. Athumani kimya.

Nikalala vizuri usiku ule. Nimepata tangazo la bure kwa ukoo mzima, na bei imeshajulikana, hakuna tena wa kuniuliza kama napita tu.

Ijumaa asubuhi nikarudi kwenye lile kundi kuwajibu wenye friji, ndipo nikaona kitu. Ami ameorodhesha gharama zote: nguzo, makuti, fundi, usafiri. Muuza makuti hana risiti. Fundi hana risiti. Aliyewaandikia hesabu zao ni Ami mwenyewe kwa mkono wake. Karatasi yenye mhuri ni moja tu, yangu.

Sasa nielewe vipi? Mimi pekee ndiye mwenye kitabu, na yeye kama karani alifurahi kuona kitabu? Au mimi pekee ndiye aliyestahili kuandikishwa? Naweza kumuuliza. Namwona Ijumaa kwa Ijumaa msikitini, namshika mkono, shikamoo, marahaba, na jana nilimshika mkono huo huo na nikauliza habari za paa. Akasema halivuji.

Mnaoishi na wazee wa namna hii, niambieni.

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu ila mama Khadija. Ni la binti yetu. Wakati tunacheka na ile picha, Khadija aliichukua simu aisome na yeye. Aliisogeza mpaka karibu iguse pua. Nikamwambia, "Mbona unainusa simu?" Akasema, "Maandishi yako madogo, Baba." Maandishi yangu si madogo, na alikuwa ameshaikuza ile picha. Baadaye nikamwambia anisomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kama mchezo tu. Aliinuka akaenda mpaka ukutani ndiyo akasoma.

Darasani anakaa nyuma kabisa kwa sababu ya urefu wake. Mwalimu hajasema kitu, na alama zake za muhula huu tulidhani ni uvivu. Jumatatu nina mawe ya kupeleka Marafa, nimeshachukua nusu ya pesa. Kliniki ya macho nimeambiwa niwahi foleni asubuhi, na mama yake siku hiyo yuko kwa mapacha.