Glukosi pentaasetati: ogopa unyevu
Glukosi pentaasetati ni glukosi iliyofungwa vikundi vitano vya asetili. Msimu wa mvua Kampala, asetati ya sodiamu, chumvi inayochochea mmenyuko huu, hunywa unyevu upesi. Ikaushe kwa moto kwenye bakuli la kauri, uisage ingali na joto; maji yakibaki hula anhidridi ya asetiki, kimiminika kinachotoa asetili hizo, na mazao hupungua.

Changanya gramu 4 za asetati na gramu 5 za glukosi kavu, mimina mililita 25 za anhidridi. Weka juu ya maji ya moto, ndani ya kabati la kuvuta mvuke, hadi mchanganyiko uwe maji maangavu, kisha saa 2 zaidi. Mimina kwenye mililita 250 za maji ya barafu. Mwanzoni hunata kama gundi kwenye kijiti. Ponda tu, usichoke, hadi iwe chembe nyeupe. Wengi huchuja mapema mno hapa! Isafishe kwa ethanoli ya moto. Zao hili ni umbo la beta, nalo huyeyuka kwenye nyuzi 131–132 za Selsiasi. Ukitaka alfa, umbo lake jingine, badilisha asetati kwa kloridi ya zinki.