Siku Moja Maishani Mwangu: Mchungaji wa Wazee Wanaosahau

Saa 11:30 alfajiri. Nilisali, kisha nikapanga mkobani kitabu cha sala, vyombo vya Ushirika Mtakatifu na kitambaa cheupe. Mimi ni mchungaji wa Kianglikana hapa Dodoma, na kila Jumatano huwatembelea wazee wenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, pamoja na wanaowatunza.

Saa 2:00 asubuhi, Chang'ombe. Mzee ambaye kwa kawaida hunipokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ya sauti kubwa hakumtambua hata mkewe, na jirani alikuwa ameshauri aombewe pepo limtoke. Niliuliza hali hiyo ilianza lini, nikaambiwa juzi. Kwa kawaida demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee anayebadilika ndani ya siku 2 huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, au amepungukiwa maji. Niliomba kwa kifupi, tukaita bajaji ya kumpeleka hospitali.

Saa 4:30, Nkuhungu. Hapa nilikaa sana. Bibi wa nyumba hii humuuliza bintiye kila siku aliko mumewe, na binti, aliyelelewa asiseme uongo, humjibu kwamba baba alishafariki. Bibi hulia kama aliyepokea taarifa ya msiba sasa hivi, na baada ya saa moja huuliza tena.

"Baba Mchungaji, kwa hiyo nimdanganye mama yangu?"

Sikuwa na andiko la kumpa papo hapo. Nilimwomba ajaribu kusema, "Mama, umemkumbuka baba? Alikuwa mtu wa namna gani?" Huko si kudanganya, wala si kumrudisha msibani. Bibi akaanza kusimulia ng'ombe wa mumewe na zeze aliyoipiga jioni, mpaka swali likapotea lenyewe. Nilipoanzisha wimbo wa kanisani wa Kigogo, yeye ambaye jina la bintiye limemtoka aliimba beti zote, na aliyekwama kwenye ubeti wa pili ni mimi. Kwa kuwa kumeza kumeanza kumsumbua, nilimpa kipande kidogo sana cha mkate kilichochovywa katika divai.

Saa 8:00 mchana nilikula ugali wa uwele na mlenda.

Saa 10:00 jioni, kikao cha watunzaji chini ya mwarobaini wa kanisa. Mama mmoja alisema majirani wanamwita mkwewe mchawi kwa sababu hutembea usiku. Nilimweleza kuhusu Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeeleza mwaka 1906 kasoro alizoziona katika ubongo wa mgonjwa wa namna hii aliyefariki, kwamba huu ni ugonjwa wala si uchawi, nikaahidi kwenda kuzungumza na majirani hao. Mwanamume pekee kikaoni alisinzia akiwa amekaa. Vijana 2 watakaa na mama yake anayemtunza Jumamosi ili yeye apate kulala.

Saa 2:00 usiku, simu kutoka Nkuhungu. Jioni, wakati ambao wengi wenye demensia huzidiwa, Bibi aliuliza mara 4. Mara 3 binti alijibu kama tulivyojaribu. Ya nne alichoka, akasema baba amekufa. Nilimwambia aketi karibu naye na kumshika mkono, walie wote wawili, na kesho nitapita.